Kikaango Kitupu Motoni

Kinyozi alirudi nyumbani mchana kuchukua mashine aliyokuwa ameiacha kwenye chaji, akamkuta jirani yake anatoka mlangoni kwake. Jirani alikuwa kifua wazi, shuka kiunoni, na mikononi amembeba mtoto mchanga. Mtoto huyo alikuwa wa kinyozi.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Wanaume hao wawili walisimama chini ya kipenu wakatazamana.

"Mshike mwanao," jirani akasema, kisha akakohoa mpaka akainama. "Ndani hapakaliki."

Kinyozi alimpokea mtoto kama anayemnyang'anya mwizi.

Jirani huyo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Watu wa ua ule walimwita Bundi, kwa kuwa alitoka wenzake wakifunga milango na kurudi wakiifungua. Jina lilimkaa, naye aliliitikia bila kinyongo. Shida yake ilikuwa moja: alilala mchana, na mchana ndio wakati kasuku wadogo wa kinyozi walipopiga soga. Kinyozi aliwafuga kwenye tundu kubwa pale sebuleni, ambapo ndipo jikoni pia, akiuza makinda kwa watu wa chekechea na wenye hoteli. Wiki iliyopita tu, Bundi alisimama bombani mbele ya watu akasema, "Iko siku hao ndege watanyamaza, na siku hiyo nitachinja kuku."

Sasa kinyozi akatega sikio. Ndani kulikuwa kimya.

Aliingia na mtoto kifuani. Dirisha lilikuwa wazi na jiko la gesi limezimwa. Kasuku wote walikuwa chini ya tundu, wamelaliana, mabawa yamefunguka nusu. Mmoja alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo; kinyozi alipomgusa, naye alikuwa ameshatulia. Chumba kilikuwa na harufu chungu, kama plastiki iliyoungua, harufu iliyokwaruza koo. Akajiambia hiyo ndiyo sumu yenyewe.

"Umewapulizia nini ndege wangu?" aliuliza alipotoka.

"Sijapuliza kitu. Kikaango kilikuwa motoni, kitupu. Harufu ilinifuata mpaka kitandani. Nimebisha hodi, hakuna mtu. Nikaingia, nikazima jiko, nikakitupa dirishani, nikamtoa mtoto."

"Kikaango gani?"

"Kile cheusi. Kiko hapo chini ya dirisha."

Chini ya dirisha hapakuwa na kitu ila tope. Mama yake kinyozi alikuwa ameshapita hapo. Alikuwa anakuja kutoka nyuma ya nyumba na nepi zilizoloa begani, na kikaango alichokiokota kilikuwa chini ya zile nepi, bado cha moto, kinamuunguza kwapa.

"Mama," kinyozi akasema, "uliacha kitu motoni?"

Mama mtu alitazama nyuso zilizokuwa zimeshajaa uani. Alikuwa amekuja kumsaidia mkwewe kulea, na hii ilikuwa wiki ya kwanza ya mkwe kurudi kazini na kumwachia mtoto. Alikuwa amekiweka kikaango kitupu kwenye moto mkubwa, kama alivyofanya maisha yake yote: kikaango cha chuma hukitii mafuta mpaka kifuke. Mvua ikaanza, akakimbilia nepi kambani. Kule nyuma mwenye nyumba akamshika mkono chini ya kipenu na kumhadithia habari za goti lake, jinsi lilivyovimba, nani alimpa dawa gani, na dawa ile ilivyokuwa haisaidii. Kikaango kikamtoka kichwani. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya pazia, hatua chache kutoka jikoni.

"Nilizima," akasema. "Nilizima kabla sijatoka."

Neno lilitoka lenyewe, kabla hajalichagua. Na uongo ni kama figa, halisimami peke yake, linataka mengine mawili.

"Una hakika, Mama?"

"Mwanangu, mimi ni mtoto? Nilizima."

Hapo kila mtu akajua la kusema. Mwenye nyumba aliuliza mtu mzima anaingiaje nyumba ya watu akiwa na shuka, kama si mwizi. Mwingine akakumbusha maneno ya bombani. Kuna aliyesema bundi na ndege wadogo ni hadithi ya zamani, watu wakacheka. Bundi alijaribu kueleza mara ya pili, lakini kikohozi kilimkatiza kila alipofika kwenye kikaango, na mtu mwenye shuka kiunoni hana hoja mbele ya kadamnasi.

"Mwisho wa mwezi nitaomba chumba changu," mwenye nyumba akahitimisha.

Bundi akavuta shuka lake vizuri. "Nimelinda mali za watu tangu ujana, sijawahi kuitwa mwizi," akasema polepole. "Leo nimeitwa kwa sababu ya mtoto. Haya."

Aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Kikohozi chake kilisikika ukutani mchana kutwa.

Mke wa kinyozi alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Aliporudi alasiri alimkuta mumewe anafukia ndege nyuma ya nyumba, na mama mkwe amekaa kitandani anambembeleza mtoto. Alinawa mikono, akamchukua mwanawe, akampa ziwa. Mtoto alishika, akaachia, akakohoa. Akashika tena, akaachia.

"Ameanza lini hivi?"

"Sasa hivi tu," mama mkwe akasema.

"Mama, anahema haraka. Tazama mbavu."

Mama mkwe alikuwa ametazama mbavu hizo tangu adhuhuri. Alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akaanza kutafuta khanga yake ambayo alikuwa ameivaa.

Kwenye zahanati mwandishi wa mapokezi alitaka kadi ya mtoto, na kadi ilikuwa nyumbani. Kinyozi alirudi mbio kuichukua. Alipoileta, mwandishi akamwambia ameleta ya mama. Watu kwenye benchi walimtazama, kinyozi anayejulikana mtaa mzima, amesimama na tope mpaka magotini, anaombaomba kama mwanafunzi aliyechelewa. Mkewe hakusubiri ugomvi uishe. Alilipita dirisha la mapokezi, akafungua mlango wa daktari, akasema, "Mwanangu hapumui vizuri," na hakuna aliyemrudisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Alimbana mtoto kidude cha kupima hewa kwenye kidole cha mguu, akasikiliza kifua mbele na nyuma.

"Nini kimetokea?"

"Jirani amepuliza sumu ndani," kinyozi akasema. "Ndege wangu wote wamekufa."

"Sumu gani?"

"Hatujui."

"Basi na mimi sijui natibu nini." Daktari alikaa chini, akavuta karatasi. "Sumu za wadudu zina dawa zake, na kwa mtoto wa umri huu dawa hizo si za kubahatisha. Itabidi nimpeleke hospitali kuu sasa hivi. Na polisi lazima waandikiwe. Huyo jirani anaitwa nani?"

Kinyozi alifungua mdomo. Waliishi ukuta kwa ukuta tangu kabla hajaoa, na hakulijua jina la mtu huyo.

"Tunamwita Bundi."

"Siwezi kuwaandikia polisi wamtafute bundi."

"Analinda geti la ghala la saruji. Watampata tu. Andika."

Daktari aliinamisha kichwa akaanza kuandika. Mama yake kinyozi alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali watu husimama wanapotaka kuonekana hawapo. Alimtazama mjukuu wake, ambaye tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Alitazama kalamu. Aliwaza dawa isiyo ya kubahatisha ikibahatishwa kwa sababu yake.

"Usiandike, mwanangu," akasema.

Daktari akainua macho.

"Hakuna aliyepuliza kitu. Ni mimi. Niliacha kikaango motoni, kitupu, moto umewashwa wote. Nilikwenda kuanua nepi nikashikwa na maneno. Yule mzee alisema kweli tangu mwanzo. Kikaango nilikiokota mimi nikakificha, kipo chini ya kitanda."

Kinyozi alimgeukia mama yake, lakini daktari aliinua mkono.

"Subiri kwanza, baba. Bibi, kaa hapa. Nieleze vizuri. Ni kikaango cha namna gani?"

"Hivi vya kisasa. Cheusi, laini, yai linateleza lenyewe."

"Nilikinunua mimi," mke wa kinyozi akasema taratibu. "Kwa mchuuzi wa njiani. Hakikuwa na boksi wala maelezo."

"Na ndani kulikuwa na mafuta?"

"Hamna. Nilisubiri kifuke kwanza. Sisi ndivyo tulivyofundishwa."

"Na ndege wakafa wote kwa mara moja."

"Wote."

Daktari aliivuta ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kikapu. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, na mke wa kinyozi, aliyekuwa hamwondolei macho, alikuwa wa kwanza kuliona hilo.

"Vikaango hivi vimepakwa utando ili chakula kisishike," daktari akasema. "Kwa moto wa kawaida, na kitu ndani yake, havina neno. Ukikiacha kitupu kwenye moto mkali, ule utando unaanza kuungua na kutoa hewa mbaya. Moshi wenyewe unaweza usiuone. Ndege ndio wa kwanza kuanguka, mapafu yao hayavumilii hata kidogo. Mtu mzima anabanwa kifua, anapata homa na kutetemeka kama mwenye mafua makali, na mara nyingi kwa siku moja au mbili yanakwisha. Mtoto mchanga hatumwachii bahati. Tutampa hewa ya oksijeni na tutamwangalia hapahapa. Lakini kipimo chake si kibaya, na kifua hakijajaa maji. Hiyo habari ni nzuri kuliko mliyokuja nayo."

Mke wa kinyozi alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Kile cha chuma nacho nisikichome?" mama mkwe akauliza. Aliuliza kwa unyonge, kama mtu anayeomba kazi aliyofukuzwa.

"Cha chuma kinavumilia, bibi. Hiki hakivumilii. Mafuta nayo hayavumilii. Yakishaanza kufuka moshi, yameanza kuharibika, na moshi wake si wa kuvutwa na mtoto. Moto wa wastani, dirisha wazi, mtoto mbali na jiko. Chakula kitaiva tu, hakina pa kwenda." Akamgeukia kinyozi. "Nani alimtoa mtoto nje?"

Kinyozi alitazama sakafu. "Bundi."

"Na kufungua dirisha?"

"Yeye."

"Basi zaidi ya nusu ya kazi yangu ameifanya yeye. Kwa hali hii dawa ya kwanza ni hewa safi. Yuko wapi sasa? Kama aliingia mle na akakaa, huenda ana homa wakati huu."

Jua lilikuwa linatua kinyozi alipofika kwenye geti la ghala. Bundi alikuwa amekaa kwenye kigogo, amevaa koti la mvua juu ya sweta, na bado meno yalikuwa yanagongana.

"Umeleta polisi?" akauliza bila kuinuka.

"Hapana. Mama amesema."

"Amesema nini?"

"Kweli."

Bundi alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayeipima saruji kwa macho. "Na mtoto?"

"Ana oksijeni. Daktari anasema hali si mbaya. Anasema wewe ndiye uliyemtibu kwanza. Anataka akuone, mzee. Hiyo homa inatokana na kile kikaango."

"Nani atakaa getini?"

"Mimi."

Bundi akamtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa tope. "Wewe? Mwizi akija utamnyoa?"

"Nitamwambia asubiri zamu yake."

Mzee hakucheka, ila alimpa tochi. Alipofika njiani alisimama, akageuka. "Hapo nyuma ya malori kuna mbwa. Usimpigie mluzi, hapendi." Kisha akaenda, akijikoholea.

Kinyozi alikaa getini. Alikuwa na mengi ya kuwaza na hakuna pa kuyapeleka. Mkewe alikuwa na mtoto na aliruhusiwa yeye peke yake ndani ya wodi, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido bila kumwangalia mtu. Kinyozi alipokuwa anaondoka hakumsemesha. Alijua angesema neno ambalo mtu hamwambii mama yake. Lakini kadiri muda ulivyokwenda, neno hilo likapungua makali. Alikumbuka kwamba yeye naye alikuwa na macho na pua. Alisikia harufu ya kuungua, akaona jiko, na bado akachagua kumwamini mtu aliyetaka kumwamini na kumshuku mtu aliyetaka kumshuku. Kusema kweli hakuhitaji uongo wa mama. Alikuwa ameshahukumu kabla ya kuuliza.

Asubuhi msimamizi wa ghala akamkuta amesimama wima na tochi inayowaka kweupe.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye Bundi wa leo," kinyozi akasema, na kabla hajaelezea zaidi akaomba ruhusa, akakimbia.

Kwenye wodi mrija ulikuwa umeondolewa puani. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, macho mekundu, na mtoto alikuwa ananyonya. Alinyonya kwa pupa, akivuta pumzi puani, hana habari na mtu. Kinyozi alisimama mlangoni akaisikiliza sauti ile ya kumeza, kisha akajishikiza kwenye fremu ya mlango.

"Hajaachia tangu alfajiri," mkewe akasema. "Ziwa linaniuma, na sitaki aache."

Bundi alikuwa ameshapimwa na kupewa vidonge. Homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, na pembeni yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, alikaa mama yake kinyozi. Walikuwa wamekesha hivyo.

"Mzee," kinyozi akaanza, "nimekukosea. Naomba..."

Bundi alimkatiza kwa mkono. "Ulinitukana uani, mbele ya bomba. Msamaha wa korido haufiki uani. Twende nyumbani."

Walirudi pamoja baada ya daktari kumsikiliza mtoto kwa mara ya mwisho na kuwaambia wamrudishe wakimwona anahema tena kwa shida. Kinyozi alibeba blanketi na kadi, mkewe mtoto, Bundi koti lake la mvua. Mama mkwe alitembea nyuma yao. Tangu jioni iliyopita hakuwa amemgusa mjukuu wake, hata alipoombwa ashike kidogo mkwewe aende msalani. Alisema mikono yake michafu, akaenda kunawa, akakawia huko mpaka muuguzi akashika mtoto.

Uani ilikuwa saa ya maji. Ndoo zilikuwa kwenye mstari, na mwenye nyumba alikuwa anasimamia mstari huo kama kawaida yake, mkono mmoja kwenye goti. Bundi alifungua mlango wa chumba chake, na ndani ungeweza kuona godoro limekunjwa na kufungwa kamba tangu jana.

Kinyozi alisafisha koo. Lakini mama yake alimpita, akaenda mpaka bombani, akalifunga. Watu walimtazama kwa mshangao. Hakuna afungaye bomba saa ile.

"Jana nilisema uongo hapa," akasema. "Niliacha kikaango motoni. Huyu mzee alimtoa mjukuu wangu kwenye hewa mbaya, na mimi nikamwacha aitwe mwizi ili nisionekane mzembe. Kama si yeye, saa hizi mngekuwa hapa kwa jambo jingine. Mzee, nisamehe. Nasema nikiwa na akili zangu, na mbele ya hawahawa."

"Na mimi," kinyozi akasema. "Sikuuliza vizuri. Nilikuwa nimeshaamua."

Mwenye nyumba alipapasa goti lake. "Kumbe ni goti langu lililokushika kule nyuma," akanong'ona. Kisha kwa sauti, kwa Bundi, "Lile godoro lifungue. Chumba ni chako. Nilisema mwisho wa mwezi, sikusema mwezi gani."

Bundi aliwazungushia macho. Alikuwa amechoka, na ndevu zilikuwa zimemwota nusu shavu. "Nimesikia," akasema. "Yamekwisha. Lakini ninyi wawili nawadai usingizi wa siku nzima, na leo nataka kuulala." Akamwonyesha kinyozi kidole. "Ukinunua ndege wengine, wakae kwako kinyozini. Wateja wako hawalali pale."

"Nimekubali, mzee."

"Na jina langu ni Salufu."

"Nimekubali, Mzee Salufu."

Watu wakacheka, bomba likafunguliwa, ndoo zikasogea. Bundi aliingia ndani. Kamba ya godoro ilisikika ikifunguliwa.

Mke wa kinyozi alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Kile kikaango alikuwa amekitoa chini ya kitanda. Utando wake ulikuwa umebadilika rangi na kuvimba katikati, naye alikuwa amekitupa kwenye pipa la taka bila kusema neno. Mama mkwe aliona, akasimama mbali kidogo, mikono imefumbatwa tumboni.

"Nitarudi nyumbani kesho," akasema. "Utatafuta mtu mwenye kichwa kizima."

"Kesho nina kazi, Mama."

"Ndiyo nasema utafute mtu."

"Mtu nitampata wapi mwenye kusema vile mbele ya daktari?" Mkwewe alisema bila kuinua sauti. "Ungenyamaza, wangempa dawa isiyo yake. Nimelifikiria usiku kucha. Kwanza nilikuchukia. Sitakuficha, nilikuchukia sana. Halafu nikafikiria lile la pili, la wewe kusema kweli." Akanyoosha mikono na mtoto ndani yake. "Mshike. Nataka kuoga."

Mama mkwe hakusogea.

"Mama, mkono wangu unaniuma. Mshike."

Akamshika. Alimshika kwanza kwa mbali, kama anayeshika kitu cha kuazima, kisha akamleta kifuani. Mtoto alimtazama, akapiga chafya, na khanga ya bibi ikaanza kulowa, joto likimteremka mpaka mapajani.

"Anakojoa," kinyozi akasema, akinyoosha mikono kumpokea.

"Mwache," mama yake akasema, akikaa taratibu kwenye kizingiti. "Mwache amalize."